Kupunguza saa za kazi Nairobi: barua, hesabu na hati ambazo mwajiri lazima aziandae

Kenya haina mfuko wa serikali unaomlipa mtu aliyepoteza kazi au aliyepunguziwa saa. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, mwajiri aliyepunguza zamu hujaza fomu na mfanyakazi akafidiwa sehemu ya pengo kutoka bima ya ukosefu wa ajira. Hapa Nairobi hakuna dirisha la namna hiyo. Kinachomkinga mfanyakazi ni karatasi alizopewa na mwajiri wake: barua ya mabadiliko, hati ya mshahara, notisi na cheti cha utumishi. Malipo yake ya mwisho yatahesabiwa kutoka hapo. Sacco itazitazama kabla ya kugusa mkopo wake, na mzozo ukifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kule Milimani, karatasi hizo hizo ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Mfano tutakaotumia ni bekari ya Eneo la Viwanda. Mwokaji mmoja hufanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku, jumla saa 48. Mshahara wake kabla ya makato ni Sh48,000, marupurupu ya nyumba yakiwa ndani. Oda za maduka zimeshuka, na mwajiri anataka abaki na siku 4, yaani saa 32.

Jua unachofanya kabla ya kukiandika

Waajiri wengi huchanganya mambo matatu kwenye barua moja. La kwanza ni kupunguza saa na mshahara kwa muda, ajira ikiendelea. La pili ni likizo bila malipo: mtu haji kazini kabisa kwa wiki kadhaa, lakini bado ni mwajiriwa wako. La tatu ni kupunguza wafanyakazi, ambapo ajira inakwisha kwa sababu nafasi yenyewe imeondolewa. Hili la tatu lina kifungu chake, cha 40, katika Sheria ya Ajira ya 2007. Yale mawili ya kwanza yanasimama juu ya makubaliano tu.

Ndiyo maana tangazo la kubandikwa ukutani, "kuanzia Jumatatu tunafanya kazi siku nne", halibadilishi mkataba wa mtu yeyote. Kifungu cha 10(5) kinataka mambo matatu pale saa au mshahara unapobadilika: mwajiri ashauriane na mwajiriwa, mkataba urekebishwe, na mwajiriwa aarifiwe kwa maandishi. Kifungu cha 13 kinaruhusu taarifa hiyo itolewe hadi mwezi 1 baada ya mabadiliko, lakini usiutegemee mwezi huo. Mshahara ukishalipwa pungufu mara moja bila sahihi ya mfanyakazi, umeshajitengenezea deni. Mfanyakazi anaweza kuendelea na kazi huku akidai pengo la kila mwezi, au akaondoka na kudai kwamba wewe ndiye uliyemsukuma nje. Mahakama ikikubaliana naye, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Na ikiwa ndani ya moyo unajua oda hazitarudi, usitumie barua ya kupunguza saa kama njia ya kumchosha mtu aondoke mwenyewe. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kupunguza wafanyakazi hapa chini. Itakugharimu zaidi leo, lakini ni haki yake.

Mkataba, kisha kikao

Toa faili la kila mfanyakazi anayehusika na usome mambo manne: saa zilizoandikwa, mshahara na marupurupu, muda wa notisi, na kama kuna mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi. Masharti ya mkataba wa pamoja huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayeguswa nao, kwa hiyo ukiwa nao, mazungumzo huanza na chama. Barua binafsi inayopingana na mkataba wa pamoja haitakufikisha popote.

Kama hakuna mkataba wa maandishi kabisa, uandike sasa, kwa masharti ya zamani, kabla ya kuanza kuyabadilisha. Kesi ikija na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Kundi la WhatsApp la kazini linafaa kwa kuita watu kikaoni na basi. Kwenye kikao chenyewe, weka mtu wa kuandika kumbukumbu: tarehe, waliohudhuria, sababu ya kupunguza saa kwa tarakimu (mikate mingapi kwa siku miezi 3 iliyopita, mingapi sasa), njia nyingine zilizojadiliwa, na majibu ya wafanyakazi kama walivyoyasema. Hilo la mwisho ndilo huachwa, na ndilo lenye uzito. Kumbukumbu zinazoonyesha mwajiri peke yake akizungumza ni hotuba, si mashauriano. Wafanyakazi wakipendekeza kuzungusha zamu ili kila mmoja apoteze siku 1 badala ya wawili kupoteza siku 2, liandike, na uandike kwa nini limekubaliwa au limekataliwa. Mwakilishi wao atie sahihi kila ukurasa.

Barua

Kila mfanyakazi apate yake, yenye jina lake. Hii hapa ni barua ya yule mwokaji:

*Kwa Bi. (jina kamili), nambari ya kitambulisho, nambari ya kazi.*

*KUH: Mabadiliko ya muda ya saa za kazi na mshahara*

*Kufuatia kikao cha tarehe 12 Mei, tumekubaliana yafuatayo. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Agosti utafanya kazi Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukiwa na saa 1 ya mapumziko. Jumla ni saa 32 kwa wiki badala ya 48. Mshahara wako kabla ya makato utakuwa Sh32,000 kwa mwezi badala ya Sh48,000.*

*Siku 9 za likizo ulizokwisha kuzipata kufikia tarehe 31 Mei zitalipwa kwa kiwango cha Sh48,000 utakapozichukua. Urefu wa utumishi wako haukatizwi. Ikiwa nafasi yako itaondolewa wakati barua hii inatumika, au ndani ya miezi 6 baada ya muda wake kwisha, notisi na malipo ya kupunguzwa kazi yatahesabiwa kwa mshahara wa Sh48,000.*

*Tarehe 1 Septemba saa na mshahara wa awali vitarudi bila barua nyingine, isipokuwa tukikubaliana upya kwa maandishi.*

*Nimesoma na kuelewa. Nakubali / Sikubali. Sahihi, tarehe. Shahidi, sahihi, tarehe.*

Tarehe ya kurudi ndiyo inayofanya mabadiliko haya yawe ya muda. Barua inayosema "hadi hali itakapotengemaa" haina mwisho, na mwaka ukipita hakuna anayejua mshahara halisi wa mtu ni upi. Miezi 3 inatosha kuona kama oda zinarudi. Zisiporudi, mnakaa tena na kuandika barua mpya.

Siku zitajwe kwa majina. "Siku nne kwa wiki" humwacha mtu akisubiri simu kila asubuhi, asiweze kutafuta kibarua kingine siku zake mbili. Hapo hapo angalia mkataba wa zamani: ukiwa na sharti la kumzuia kufanya kazi kwingine, liondoe kwa kipindi hiki kwa sentensi moja. Ukimnyima saa na ukamzuia kuzitafuta kwingine, utakuwa umemfunga mikono yote miwili.

Sheria haisemi waziwazi mshahara upi utumike ikiwa mtu amepunguziwa saa kisha akapunguzwa kazi miezi miwili baadaye. Lile sharti la miezi 6 linaziba mwanya huo. Chukua mwokaji mwenye miaka 6 na miezi 8 kazini. Malipo ya chini ya kupunguzwa kazi ni ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, kwa hiyo kwake ni miaka 6. Kwa Sh48,000, ukigawa mwezi kwa siku 30, siku ni Sh1,600. Siku 15 ni Sh24,000. Mara 6 ni Sh144,000. Kwa Sh32,000, jibu ni Sh96,000. Sentensi moja kwenye barua ina thamani ya Sh48,000 kwake, mshahara wake mzima wa mwezi. Mwajiri anayekataa kuiandika anamwomba mfanyakazi amsaidie kuokoa biashara, kisha mfanyakazi huyo huyo abebe hasara ya msaada huo. Iandikeni.

Mpe kila mtu siku kadhaa za kwenda na barua nyumbani. Wiki moja ni muda wa haki. Sahihi iliyochukuliwa mlangoni, saa ya kutoka, na msimamizi akiwa amesimama na kalamu, ni rahisi kuipinga baadaye. Nafasi ya kuandika "Sikubali" iwepo kwa kweli. Asiyekubali anaendelea na mkataba wake wa zamani hadi mpate njia nyingine ya kisheria. Humpangii siku 4 kwa nguvu. Kama mfanyakazi hasomi, au haelewi lugha ya barua, sheria inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa. Andika chini ya barua ni nani aliyemsomea, kwa lugha gani, na msomaji atie sahihi.

Hesabu ya mshahara

Tumia uwiano wa saa. Saa 32 kwa 48 ni theluthi mbili, kwa hiyo Sh48,000 inakuwa Sh32,000, kiasi kimoja kila mwezi. Ukianza kukata kwa siku utaingia matatani: ukigawa mshahara kwa 30 unapata jibu moja, kwa siku 26 za kazi unapata jingine, na mwezi wenye Jumatano tano utamkata zaidi ya mwezi wenye nne. Hapo ndipo minong'ono huanzia.

Saa ya kawaida ya mwokaji huyu inabaki ile ile. Saa 48 kwa wiki ni saa 208 kwa mwezi, na Sh48,000 ukigawa kwa 208 ni Sh230.77. Saa 32 kwa wiki ni saa 138.67 kwa mwezi, na Sh32,000 ukigawa kwa hizo ni Sh230.77. Fanya ukaguzi huu kwa kila mtu. Tarakimu mbili zikitofautiana, umempunguzia thamani ya saa pamoja na idadi yake, na hilo silo mlilokubaliana.

Linganisha pia kiwango cha saa na Amri ya Mishahara, yaani kima cha chini cha serikali, ya kazi anayoifanya. Kiwango cha kibarua wa kawaida Nairobi kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Mtu aliyekuwa akilipwa karibu na hapo, ukimkata theluthi, tarakimu ya mwezi itashuka chini ya kiwango hicho, na kinachobaki kukutetea ni barua inayoonyesha wazi kwamba anafanya saa 32. Kwa watu wa mishahara hiyo, ushauri wetu ni kutafuta njia nyingine kwanza. Theluthi ya mshahara mdogo ndiyo kodi ya nyumba.

Makato ya mwokaji, kwa viwango vilivyotumika tangu Februari 2025, yanakuwa hivi:

Kabla, Sh48,000: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, Sh2,880. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, Sh1,320. Ada ya nyumba asilimia 1.5, Sh720. Hizo tatu huondolewa kwanza, kwa hiyo kodi ya mshahara (PAYE) inatozwa juu ya Sh43,080: asilimia 10 ya Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 ya Sh8,333 zinazofuata, asilimia 30 ya zilizobaki, kisha unatoa nafuu ya Sh2,400. Kodi ni Sh5,307.35. Mkononi, Sh37,772.65.

Baada, Sh32,000: NSSF Sh1,920. SHIF Sh880. Ada ya nyumba Sh480. PAYE inatozwa juu ya Sh28,720, na baada ya nafuu ni Sh1,180. Mkononi, Sh27,540.

Mshahara umeshuka kwa Sh16,000, lakini mkononi pengo ni Sh10,232.65, kwa sababu makato yote yameshuka, na sehemu iliyokuwa ikitozwa asilimia 30 imetoweka. Mwonyeshe mfanyakazi hesabu hii kikaoni, kwa karatasi, kabla hajatia sahihi. Wengi huja wakiwa wamepiga hesabu ya theluthi ya pesa za mkononi na wamekosa usingizi kwa tarakimu isiyo sahihi. Mwambie na upande wa pili pia: michango yake ya NSSF imeshuka kwa Sh960 kwa mwezi, na wewe wako vilevile, kwa hiyo akiba yake ya uzeeni inapoteza Sh1,920 kila mwezi barua inapotumika.

Kwa mwajiri, nafuu yote ni Sh17,200: zile 16,000, NSSF 960 na ada ya nyumba 240. Ada ya mafunzo ya viwandani (NITA) ya Sh50 kwa kila mfanyakazi haibadiliki.

Mkopo wa Sacco na theluthi moja

Kosa hili linawanasa hata wahasibu wazoefu. Kifungu cha 19 kinakataza makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili za mshahara, yaani angalau theluthi moja ibaki mkononi. Mwokaji wetu ana mkopo na hisa za Sacco zinazokatwa Sh18,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa Sh48,000 hakukuwa na tatizo: makato ya lazima Sh10,227.35 na Sacco Sh18,000 ni Sh28,227.35, chini ya kikomo cha Sh32,000. Kwa Sh32,000 kikomo ni Sh21,333.33. Makato ya lazima ni Sh4,460, ongeza Sh18,000, unapata Sh22,460. Umevuka kwa Sh1,126.67.

Mfumo wa mishahara mara nyingi hautakuzuia. Utakata tu, na mfanyakazi atapokea Sh9,540. Kwa hiyo kabla ya tarehe 1 Juni, pitia makato ya kila mtu. Anayevuka, mpe barua fupi ya kupeleka Sacco au benki inayosema mshahara umeshuka kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, kwa muda gani, na makato ya juu kabisa unayoweza kufanya ni kiasi gani. Kwa mwokaji huyu ni Sh16,873. Sacco ikipata barua hiyo mapema inaweza kurefusha muda wa mkopo. Ikigundua kwa kupokea pesa pungufu, itaandika kuwa amechelewa kulipa, na wadhamini wake wataanza kupigiwa simu kwa kosa lisilo lake. Mwenye mkopo wa masomo wa HELB naye aandikie bodi mapema kuomba awamu ndogo.

Kila mwezi wa kipindi hicho

Marejesho hubaki yale yale: PAYE na ada ya nyumba kupitia iTax, mtandao wa mamlaka ya mapato (KRA), SHIF na NSSF, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, HELB kufikia tarehe 15. Kinachobadilika ni tarakimu. Usinakili faili la mwezi uliopita. Mshahara ulioko iTax, ulioko NSSF, ulioko kwenye hati ya mshahara na ulioko kwenye barua lazima uwe mmoja. Hati ya mshahara ionyeshe saa pia, "saa 32 kwa wiki, barua ya 12 Mei", ili mtu akiipeleka benki miaka 2 baadaye asionekane aliyeshushwa cheo.

Weka daftari la saa: tarehe, ameingia, ametoka, sahihi. Jumatano oda ikija ghafla na ukamwita, hizo ni saa za kulipwa juu ya Sh32,000. Saa 8 kwa Sh230.77 ni Sh1,846.15. Malipo ya saa za ziada kwa mara moja na nusu huanza anapopita saa za kawaida za kazi yake; Amri ya jumla ya Mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, lakini mkataba wako ukisema 48, fuata mkataba. Ukijikuta unamwita Jumatano ya tatu mfululizo, upungufu wa kazi umekwisha. Mrudishie siku hiyo kwa barua.

Saa zikiisha kabisa

Agosti imefika, oda hazijarudi, na nafasi inaondolewa. Sasa uko chini ya kifungu cha 40, na hatua zake hazirukwi.

Kwanza notisi ya nia. Kwa mwanachama wa chama, andikia chama na afisa wa leba wa eneo lako, ukieleza sababu na idadi, si chini ya mwezi 1 kabla. Kwa asiye mwanachama, andikia yeye binafsi na afisa wa leba. Neno "binafsi" lina maana yake: orodha ya majina mlangoni haitoshi, wala ujumbe kwenye kundi. Barua ya afisa wa leba ipelekwe kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwezi unahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo, hata kama barua iliandikwa wiki nzima kabla.

Mwezi huo ni wa kushauriana. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2014 katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa ndege, mwajiri anayetoa notisi bila mazungumzo anajiweka hatarini. Rudi kikaoni, andika kumbukumbu tena.

Kisha uchaguzi wa nani aondoke. Sheria inataja muda kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu katika kazi. Tengeneza jedwali lenye majina ya wote wanaofanya kazi hiyo na alama za kila kipengele, liwekwe sahihi na watu wawili kabla ya majina kutangazwa. Aliyekataa kupunguziwa saa Mei asiadhibiwe hapa. Jedwali likionyesha wote waliokataa ndio walioondolewa, sababu zako nyingine zote zitatiliwa shaka.

Baada ya hapo inakuja barua ya kila anayeondoka, yenye notisi ya angalau mwezi 1 au mshahara wa mwezi 1 badala yake. Ukitoa notisi ya nia tarehe 1 Agosti, barua hizi zisitoke kabla ya Septemba.

Malipo yake ni mshahara hadi siku ya mwisho, notisi kama haikufanyiwa kazi, likizo ambayo hajachukua kwa pesa taslimu, na siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa mwokaji, kwa mujibu wa barua ya Mei, hizo siku 15 ni Sh144,000. Wanaogawa mwezi kwa siku 26 watapata zaidi, kwa hiyo eleza umegawa kwa ngapi. Likizo ihesabiwe mara mbili: zile siku 9 kwa kiwango cha zamani, na zilizopatikana tangu Juni kwa kiwango cha kipindi hicho. Malipo haya yana kodi, na mhasibu aifanye hesabu ya kodi kabla tarakimu ya mwisho haijatajwa kwa mfanyakazi, maana tarakimu ikitajwa mara mbili huzaa ugomvi.

Kuna uongo mmoja unaozunguka sana Nairobi: kwamba aliye kwenye NSSF hastahili malipo ya kupunguzwa kazi. Wanaosema hivyo wanachanganya na malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, ambayo kweli mwanachama wa NSSF hayapati. Siku 15 za kifungu cha 40 ni kitu kingine, na mwanachama wa NSSF anazipata.

Bahasha ya mwisho

Siku ya mwisho mpe bahasha moja. Iwe na barua ya kupunguzwa kazi, hesabu ya malipo mstari kwa mstari, hati ya mshahara wa mwisho, P9 (hati ya mshahara na kodi) ya mwaka huo kwa ajili ya marejesho yake ya KRA, na cheti cha utumishi. Cheti hiki ni lazima kwa kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, na kukinyima ni kosa lenye faini ya hadi Sh100,000, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote. Kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina la mwajiriwa, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali alipoifanyia, na tarehe ya kumaliza. Sifa zake si lazima uziandike, ingawa aliyekuokea mkate miaka 6 anastahili aya mbili kwenye karatasi tofauti.

Barua ya kupunguzwa kazi iseme kwa maneno yasiyo na utata kwamba nafasi imeondolewa na mwajiri. Baadhi ya mikopo ya benki ina bima inayolipa awamu kadhaa mkopaji anapopunguzwa kazi, na kampuni ya bima itadai barua yenye sababu hiyo. Ikisoma "tumeachana kwa makubaliano", au ukiwa umemshawishi aandike barua ya kujiuzulu ili mambo yaende haraka, dai lake limekufa. Usimwombe mtu barua ya kujiuzulu ambayo hakuja nayo mwenyewe.

Kama kampuni ina mfuko wake wa pensheni, jaza na utie sahihi fomu ya kuondoka wiki hiyo hiyo, kwa sababu wasimamizi wa mfuko hawatamlipa sehemu anayoruhusiwa bila sahihi yako. NSSF haitamlipa akiwa chini ya miaka 50 kwa sababu tu amekosa kazi, na ni vyema ajue kabla hajapoteza nauli hadi ofisi zake za Upper Hill. Mwondoe kwenye orodha yako ya SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, kwa tarehe sahihi, na umweleze ajiandikishe kama mlipaji binafsi mara moja, kwa kuwa matibabu ya familia yake yanategemea mchango usiokatika. Iarifu HELB pia, kama alikuwa akikatwa.

Faili lake lisichomwe wala kuuzwa kwa wanunuzi wa karatasi taka. Sheria inataka maelezo ya ajira yahifadhiwe miaka 5 baada ya ajira kwisha. Weka barua ya Mei, kumbukumbu za vikao vyote, daftari la saa, jedwali la uchaguzi na nakala yenye muhuri wa afisa wa leba pamoja, na uandike juu ya faili tarehe ambayo miaka hiyo 5 itatimia.